Mstari mweupe unaanzia wapi? Namna ya kuwatambua skinki wa Mwanza, hatua kwa hatua

Saa mbili na nusu asubuhi, jua likishapiga ukuta wa mawe nyuma ya nyumba ninayoishi Luchelele, mjusi wa kwanza hutoka. Hutanguliza pua kwenye ufa, akangoja. Kisha hutoka mwili mzima, akajibapa juu ya jiwe ili joto limwingie tumboni na mgongoni kwa pamoja. Mgongo wake ni wa kahawia iliyokolea, na mistari miwili ya rangi ya mtindi inashuka kutoka juu ya macho hadi mkiani. Karibu na ncha ya mkia mistari inakoma ghafla na kinaanza kipande cha rangi ya vumbi kisicho na mstari wowote. Kipande hicho hakuzaliwa nacho. Kimeota baada ya cha kwanza kukatika.

Kwa watu wengi wa mtaani kwetu huyo ni mjusi tu, kama wengine wote. Lakini kwenye kiwanja kimoja cha Mwanza, chenye ukuta, mwembe, tuta la matembele na lundo la taka za majani, unaweza kukuta mijusi wa aina nne au tano wasiofanana kwa mwili wala kwa maisha, na wote wakawa skinki. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuwatenganisha kwa macho yako, bila kumshika hata mmoja.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni skinki

Skinki ni familia moja ya mijusi, Scincidae kwa jina la kisayansi, na ni miongoni mwa familia kubwa kabisa za mijusi: spishi zake duniani zimepita 1,700. Alama yao kuu ni magamba. Ukishawahi kupaa sato unajua jinsi magamba ya samaki yanavyopandana, moja likifunika mwanzo wa lingine. Ya skinki yamepangwa hivyohivyo, na chini ya kila gamba kuna kibamba chembamba cha mfupa. Ndiyo maana mwili wake unang'aa kama uliopakwa mafuta na anapita kwenye mchanga bila kukwama. Kichwani magamba ni makubwa, yamepangwa sawasawa kushoto na kulia. Shingo karibu haionekani.

Sasa waondoe wasiohusika.

Mjusi kafiri, yule wa dari na taa ya usiku, ana ngozi iliyopauka yenye vipele vidogo, vidole vilivyopanuka vinavyomshikilia kwenye kioo, na hana kope za kupepesa. Skinki usiku wamelala. Ukimwona mjusi anawinda kwenye taa saa tatu usiku, huyo si skinki.

Mjusi wa majabali anastahili maneno zaidi, kwa sababu amebeba jina la mji wetu. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, alilopewa na mtafiti Arthur Loveridge mwaka 1923. Dume lake lina kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea na mwili wa buluu, na ukienda Kisiwa cha Saanane utamkuta juu ya miamba akitikisa kichwa juu na chini kuwafukuza wenzake. Dume hakuna anayemkosea. Tatizo ni jike na watoto, ambao ni wa kahawia na watu huwaita skinki. Tazama kichwa: cha mjusi wa majabali ni kipana, kimetengana na mwili kwa shingo inayoonekana wazi, na magamba yake yanakwaruza, hayang'ai. Tazama pia anavyosimama. Yeye hujiinua kwa miguu ya mbele kama anayechungulia juu ya uzio. Skinki hutambaa tumbo likiwa karibu na ardhi.

Guruguru naye huwachanganya wengi, maana ana mistari ya njano mgongoni. Ni mkubwa zaidi, magamba yake ni ya mraba kama matofali, na ubavuni ana mkunjo wa ngozi unaokimbia kutoka shingoni hadi kwenye paja. Skinki hana mkunjo huo. Mtoto wa kenge ana madoa ya njano na ulimi mrefu uliogawanyika kama wa nyoka. Wa skinki ni mfupi na mpana, una pengo dogo tu kwenye ncha.

Hatua ya pili: chagua saa na mahali

Nenda kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, siku yenye jua. Wakati huo wanaota jua na hawataki kusogea. Kuanzia saa sita jua huwa kali, wanaingia kivulini na utaona mikia tu ikipotea. Jioni, kama saa kumi, hutoka tena kwa muda mfupi. Baada ya mvua ya kwanza ya vuli ni siku nzuri kuliko zote, kwa sababu kumbikumbi wanaruka na kila mjusi yuko nje anakula.

Simama hatua nne au tano mbali, kivuli chako kisimwangukie. Ukimkosa, usimfuate. Baki hapohapo kwa dakika kumi, kwa kuwa kila mmoja ana ufa wake na atarudi kwenye jiwe lilelile.

Hatua ya tatu: tazama uso kabla ya mgongo

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Karibu kila mtu anayeanza huangalia rangi, na rangi inadanganya. Mjusi aliye karibu kujivua ngozi hupauka. Aliyelala kwenye vumbi la tofali hugeuka mwekundu. Mtoto mara nyingine hafanani na mzazi. Kisichobadilika ni mahali mstari mweupe unapoanzia usoni. Jiulize kwanza: unaanzia juu ya jicho, chini ya jicho, au haupo?

*Mstari unaanzia juu ya jicho.* Huyu ndiye wa ukutani kwangu, Trachylepis striata. Mistari ni miwili, mmoja kila upande wa mgongo, na kati yake mgongo ni wa kahawia au karibu mweusi. Mzima ana mwili wa sentimita 8 hadi 11 bila kuhesabu mkia. Ni mjusi anayependa makazi ya watu: utamkuta kwenye kuta, nguzo za uzio, mashina ya miembe, mawe ya kilimani Bugando, hata kwenye mabati ya vibanda. Ukiona skinki mkubwa juu ya ukuta mchana kweupe mjini Mwanza, mara nyingi ni yeye.

Jambo moja kwake linawashangaza watu: hatagi. Huzaa watoto hai, kwa kawaida watatu hadi tisa. Mwaka juzi, wiki ya pili ya mvua za vuli, nilikuta watoto sita kwenye kokoto chini ya ukuta, kila mmoja mwembamba kama njiti ya ufagio, na mistari yao ilikuwa imekamilika tangu siku hiyo. Hawakuwa na mama wa kuwalea. Kila mmoja alikuwa tayari anatafuta chake, na mmoja wao nilimwona akiburuza mchwa aliyekaribia ukubwa wa kichwa chake, akimpigapiga kwenye kokoto mpaka akatulia.

*Mstari unaanzia chini ya jicho.* Huyu ni Trachylepis varia. Mstari wake mweupe, ambao mara nyingi una ukingo mweusi, unaanzia kwenye mdomo wa juu, unapita chini ya jicho na kufuata ubavu kuelekea mguu wa nyuma. Mgongoni ana vidoa vyeusi vilivyotawanyika, na magamba yake yana miinuko midogo inayomfanya aonekane mkavu kidogo kuliko mwenzake. Ni mdogo kwa mwili, na si mpandaji wa kuta ndefu. Mtafute chini: kwenye mawe madogo kati ya nyasi, kando ya njia za mashamba ya mihogo, kwenye miinuko ya Kisesa na Usagara. Akishtuka hukimbilia kwenye nyasi.

Angalizo: baadhi yao wana pia mistari hafifu mgongoni, na hapo ndipo watu huandika striata. Usihesabu mistari. Tafuta ule wa mdomoni. Ukiuona mweupe na wazi kutoka kwenye mdomo, ni varia, hata kama kuna mingine juu.

*Hakuna mstari, kuna madoa mdomoni.* Kwenye bustani zenye maji, migomba, vichaka vya ufukweni na miti mikubwa karibu na ziwa, utamkuta mjusi mwembamba wa rangi ya shaba, ubavu wake ukielekea rangi ya chungwa au kutu, mkia mrefu sana, mara nyingi mara moja na nusu ya mwili au zaidi. Midomo yake ina madoadoa meupe na meusi, kama mtu aliyekula unga mkavu. Ni Trachylepis maculilabris, na hilo jina la pili maana yake ni mwenye midomo ya madoa. Anapanda vizuri kuliko wote, na hupenda kukaa kwenye jani la mgomba lililokauka likaning'inia. Yeye hutaga mayai. Ni mnyama wa nchi yenye unyevu. Yupo kuzunguka ziwa, yupo pwani, yupo Zanzibar, na katikati ya nchi kavu hutamwona kirahisi.

Hao watatu ni wa jenasi moja, yaani kundi moja la spishi zilizo ndugu wa karibu, Trachylepis. Vitabu vya zamani vinawaita Mabuya, jina ambalo siku hizi limebaki kwa ndugu zao wa Amerika. Kwa hiyo ukisoma Mabuya striata kwenye kitabu cha miaka ya 1990, usidhani ni mjusi mwingine. Kuwa makini pia na picha za mtandaoni kutoka Afrika Kusini. Huko kuna mijusi walioitwa striata kwa miaka mingi ambao sasa wametengwa kuwa spishi nyingine. Ukilinganisha wa Mwanza na picha hizo utapotea, na si kosa la macho yako.

Hatua ya nne: fukua taratibu

Kuna skinki ambao hutawaona ukutani kamwe. Wanaishi kwenye udongo tifutifu, chini ya magogo, kwenye vichuguu vilivyohamwa, kwenye lundo la majani yanayooza. Anayepatikana zaidi ni Mochlus sundevallii: kahawia anayemeremeta, magamba yake laini kabisa, mkia mnene, na miguu minne midogo mno ambayo haifikiani ukiilaza mwilini. Ukimfunulia gogo hajikimbizi kama wa ukutani. Hujinyonganyonga, akaikunja miguu na kuogelea ndani ya udongo.

Kujinyonganyonga huko kunamponza. Miaka michache iliyopita nilikuwa namsaidia jirani kufungua tuta jipya la matembele. Jembe lilipogeuza bonge la udongo, kitu kinachong'aa kikajizungusha miguuni mwetu. Jirani akapiga kelele "nyoka!" na jembe likashuka kabla sijafungua mdomo. Nilichuchumaa nikakisafisha kwa jani. Miguu ilikuwepo, minne, mifupi kama punje za mchele, ya nyuma ikiwa na vidole vilivyokamilika. Pembeni mwa tuta kulikuwa na mayai matatu meupe, marefu kidogo, ganda lake laini. Hatuwezi kujua kama yalikuwa yake, lakini jirani aliyafukia tena kwa mkono wake, na toka siku hiyo hugeuza udongo wa tuta kwa uma wa shambani, polepole.

Ili yasikupate hayo, tumia dalili tatu kabla ya kuinua jembe. Nyoka hana kope, macho yake hayafungi kamwe. Huyu hupepesa. Nyoka hana tundu la sikio. Huyu analo, dogo, nyuma ya taya. Na bila shaka ana miguu, ingawa unaweza kuhitaji kupiga magoti kuiona. Kama hujaona hata moja kati ya hizo, rudi nyuma hatua tatu na umwache aende. Mwanza ina nyoka wenye sumu kali na hakuna utambuzi wa mjusi unaostahili mguu wako.

Wapo pia skinki wasio na miguu kabisa. Hapa Tanzania wapo wa jenasi Melanoseps, lakini hao si wa kwenye viwanja vyetu.

Hatua ya tano: mdogo asiyepepesa

Chini ya mwembe, kwenye majani makavu, utasikia mchakacho mdogo na kuona kitu kama uzi wa shaba kikipita. Huyo ni Panaspis wahlbergii au ndugu yake wa karibu. Mwili wake bila mkia ni kama sentimita 5 tu. Ubavuni ana ukanda mweusi, na dume wakati wa kupandana hugeuka tumbo rangi ya chungwa au waridi.

Wengi humdhania mtoto wa striata. Tofauti iko kwenye jicho. Striata ana kope ya chini yenye kidirisha kinachopitisha mwanga. Akipepesa utaiona ikipanda. Panaspis kope yake imeshikamana moja kwa moja na kuwa kifuniko angavu, kama kioo cha saa, kwa hiyo hapepesi. Unahitaji subira, au video ya simu yenye ukaribu mzuri ambayo utaitazama tena polepole. Mimi hupiga video ya nusu dakika kisha nahesabu. Mjusi aliyetulia kwa nusu dakika nzima bila kupepesa, na mwili wake ni mwembamba hivyo, jibu limekaribia.

Hatua ya sita: picha tatu na mistari minne ya daftari

Picha moja haitoshi. Piga ya upande wa kichwa, mdomo na jicho vikionekana, ya mgongo mzima kutoka juu, na ya ubavu kuanzia mguu wa mbele hadi wa nyuma. Akishaondoka, weka sarafu au rula pale alipokuwa, piga tena kutoka mahali palepale, upate kipimo. Usipime mkia peke yake. Mkia uliokatika na kuota tena ni mfupi, hauna mifupa ya uti bali gegedu, na rangi yake haifuati ya mwili. Pima kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa mkia.

Kwenye daftari andika tarehe na saa, mahali (ukuta, jiwe, mti, udongo), alichokuwa anafanya, na hali ya hewa. Ukipenda kushirikisha wengine, programu ya iNaturalist hupokea picha na kuwapa watu wa nchi nyingine nafasi ya kuthibitisha. Picha kutoka Ukerewe, Kome au Sengerema zina thamani kubwa, kwa hiyo usiseme ni mjusi wa kawaida.

Kuhusu sumu, chakula na kumshika

Hakuna skinki mwenye sumu. Si wa Mwanza, si wa popote. Mkubwa akishikwa anaweza kung'ata kidogo, na inaishia hapo. Ile hofu ya mjusi kuanguka kwenye uji na kuua familia nzima imewaua mijusi wengi bila sababu. Hata hivyo chakula hicho kimwage, na sababu iwe sahihi: mijusi hubeba bakteria wa salmonela kwenye ngozi na kinyesi, na hao wanaharisha watu. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto aliyemgusa mjusi anawe kwa sabuni kabla ya kula.

Usimshike kwa mkia. Utaachwa na mkia mkononi ukirukaruka, naye atakuwa amepoteza akiba yake ya mafuta, ile ambayo ingemvusha kipindi cha chakula kidogo. Ndani ya hifadhi kama Saanane au Rubondo usimkamate wala kugeuza mawe. Na nje ya hifadhi, wanyamapori wako chini ya sheria ya mwaka 2009: kukamata ili kuuza au kufuga kunahitaji kibali.

Watu huniuliza wafanyeje ili wasipotee kiwanjani. Acha sehemu moja ya ukuta bila kuziba nyufa, acha gogo moja lioze pembeni, na usinyunyizie dawa ya wadudu kila kona, kwa sababu mende na mchwa unaowaua ndio chakula chao. Paka ni adui mkubwa. Mlishe asubuhi mapema, kabla mijusi hawajatoka kuota jua wakiwa wazito.

Akiingia ndani ya nyumba, usimpige ufagio. Funga milango ya vyumba vingine, fungua wa nje, na subiri kidogo. Mara nyingi atafuata mwanga. Akibaki kwenye kona, mfunike kwa bakuli, pitisha kadibodi ngumu chini yake taratibu mkia usibanwe, kisha mpeleke nje hadi kwenye ukuta wenye jua. Weka bakuli chini, na uinue upande ule ulio karibu na ufa.